Wafanyabiashara na Uchaguzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kampeni zikikaribia, maswali ni yale yale: ya wenye maduka, wenye matatu, wachapishaji wa fulana, makatibu wa vyama vya wafanyabiashara. Majibu haya yameegemea zaidi Kenya, ambako uhusiano wa biashara na kura umeonekana wazi kwa miaka mingi. Tanzania inaingia pale ambapo sheria au historia yake ina jambo la kuongeza. Maswali yana namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Tukisema "vikundi vya wafanyabiashara", tunamaanisha akina nani?

Ziko aina tatu, na ubishi mwingi unatokana na kuzichanganya.

Kuna miavuli ya kitaifa. Kenya ina KEPSA, muungano wa sekta binafsi uliozaliwa mwaka 2003, ambao unakusanya vyama vikubwa kama kile cha wenye viwanda, KAM. Tanzania ina TPSF tangu 1998, pamoja na CTI ya wenye viwanda na TCCIA ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Hawa wote hujitambulisha kuwa hawafungamani na chama chochote cha siasa.

Kuna vyama vya kazi fulani au soko fulani: bodaboda, matatu, wauza mitumba, wafanyabiashara wa Kariakoo. Nguvu yao ni wingi wao, na wanasiasa wanalijua hilo.

Halafu kuna matajiri wa eneo moja wanaokutana kwa sababu ya asili yao na mali zao. Hawa ndio hutamka jina la mgombea waziwazi. Habari zao ziko swali la 8.

Kwa hiyo ukisikia kwamba "wafanyabiashara wamemuunga mkono fulani", uliza kwanza ni kundi lipi kati ya haya.

2. Kwa nini wasifanye biashara zao tu, siasa wawaachie wanasiasa?

Kwa sababu siasa haiwaachi wao. Ushuru wa forodha, bei ya umeme, leseni ya kaunti, kodi ya ongezeko la thamani, na nani apewe zabuni ya barabara: yote huamuliwa na watu waliochaguliwa au walioteuliwa na waliochaguliwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja. Hapakuwa na uchaguzi wowote siku hizo. Walikuwa watu wanaotaka kusikilizwa, na walikuwa na haki.

Kudai sera si aibu. Tatizo huanza pale ombi la wengi linapogeuka kuwa deni ambalo kiongozi analipa kwa mtu mmoja.

3. Je, sheria inaruhusu?

Kwa ujumla, ndiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kujumuika katika ibara ya 36 na haki za kisiasa katika ibara ya 38, na kuwa mfanyabiashara hakumwondolei mtu haki hizo. Kikundi kinaweza kuandika ilani yake, kuwaita wagombea kujibu maswali, hata kumtaja kinayempenda. Mipaka iko kwenye pesa (swali la 4 hadi 6) na kwenye mali ya umma: shirika la serikali haliruhusiwi kuchangia mgombea wala kumpa magari.

## Pesa

4. Chama cha siasa nchini Kenya kinaruhusiwa kupokea kiasi gani kutoka kwa kampuni au tajiri mmoja?

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inasema mtu au shirika moja lisichangie, kwa mwaka mmoja, zaidi ya asilimia 5 ya matumizi yote ya chama. Vitu pia huhesabiwa: gari, ukumbi, mafuta, fulana. Chama hakiruhusiwi kupokea pesa za mtu asiye raia wala za serikali ya kigeni.

Sheria hiyo hiyo ilianzisha Hazina ya Vyama vya Siasa, inayopaswa kupata angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, ili vyama visiwe mateka wa matajiri. Vyama vimelalamika mara nyingi, hata mahakamani, kwamba kiasi hicho hakitolewi kamili. Lakini tundu kubwa liko kwingine. Asilimia 5 inakibana chama, na kampeni nyingi za Kenya haziendeshwi kutoka akaunti ya chama. Zinaendeshwa na mgombea mwenyewe, jamaa zake na marafiki wenye helikopta.

5. Basi kwa nini hakuna kikomo kwa mgombea?

Kikomo kiliandikwa, hakikutumika. Katiba iliipa tume ya uchaguzi, IEBC, kazi ya kudhibiti pesa zinazotumiwa na mgombea au kwa niaba yake. Bunge likapitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013, kisha likaisogeza mbele ili isiguse uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 tume ilitangaza viwango kwenye gazeti rasmi la serikali, na kwa mgombea urais kiwango kilikuwa shilingi bilioni 4.4. Wabunge walivipinga, suala likafika mahakamani, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila viwango hivyo kutumika.

Tazama walio na kauli ya mwisho hapo. Mbunge anayepiga kura kuchelewesha sheria hii ndiye atakayekusanya michango msimu ujao. Vyama vya wafanyabiashara vingeweza kuisukuma sheria hii kwa nguvu kubwa, maana wanachama wao ndio wanaogongewa mlango. Sauti yao katika jambo hili imekuwa ndogo mno kulinganisha na inavyosikika mswada wa fedha unapofika bungeni kila mwaka.

6. Tanzania inafuata sheria gani?

Historia yake ni ndefu na ina mafunzo. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti hayo, na mlango kati ya duka na ofisi ya chama ukafunguka muda mfupi kabla ya vyama vingi kurudi mwaka 1992.

Kisha ikaja takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura "kwa nia njema". Kwa mwenye fedha, huo ulikuwa uhuru wa kulisha kijiji kizima wiki ya kampeni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikaifuta takrima kwa kuwa inambagua mgombea maskini. Kwangu hiyo ni moja ya hukumu muhimu zaidi za uchaguzi Afrika Mashariki, na haitajwi inavyostahili.

Mwaka 2010 ikapatikana Sheria ya Gharama za Uchaguzi: waziri hutangaza viwango, mgombea hueleza pesa zake zimetoka wapi na zimetumikaje, na Msajili wa Vyama vya Siasa husimamia. Kwenye karatasi, Tanzania imekwenda mbali kuliko Kenya. Ila mwananchi wa kawaida akitaka kusoma hesabu hizo kabla hajapiga kura, hana pa kuzipata.

7. Je, ni kweli kwamba pesa za kampeni hurudishwa kupitia zabuni na hazina ya taifa?

Mifano mikubwa miwili inaelekeza huko, na yote miwili inahitaji maneno ya tahadhari.

Kati ya 1990 na 1993 serikali ya Kenya ililipa fidia ya mauzo ya nje kwa dhahabu na almasi, ilhali nchi haina almasi na ilikuwa na dhahabu kidogo sana. Hiyo ndiyo Goldenberg. Wakati huo huo kundi la Youth for KANU '92, vijana wa chama tawala wakiongozwa na Cyrus Jirongo, lilikuwa likimfanyia Rais Moi kampeni kwa pesa nyingi kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ilipewa jina la utani "Jirongo". Mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46 mwaka 1993. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilichunguza Goldenberg na ripoti yake ikatoka 2006. Uhusiano wa moja kwa moja kati ya pesa hizo na kampeni umeelezwa na wengi, ingawa kesi za jinai hazikuishia kwa hukumu kubwa. Asiyehitaji hukumu yoyote kujua kilichotokea ni mama aliyekwenda sokoni mwaka 1993.

Tanzania ilikuwa na EPA. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 130 zililipwa kutoka akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu kwa kampuni 22, nyingi kwa nyaraka zenye mashaka. Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008, na baadhi ya watu walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Madai kwamba sehemu ya fedha hizo ilitumika katika kampeni za 2005 yalirudiwa bungeni na magazetini. Yalikanushwa, na hakuna mahakama iliyoyathibitisha.

Katika mifano yote miwili hukuti chama cha wafanyabiashara kimekaa kikao na kuamua. Unakuta kampuni chache zenye njia ya ndani. Ndiyo maana wafanyabiashara wa kawaida wanapaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele: mwenzao mmoja anapopata zabuni kwa sababu alichangia, wengine mia wamekosa.

## Kumtaja mgombea

8. Matajiri wakisimama na mgombea, kura zinafuata?

Si lazima, na Mlima Kenya umeonyesha hivyo mara mbili.

GEMA iliundwa 1971 kuunganisha Wagikuyu, Waembu na Wameru, na ilikuwa na kampuni yake ya uwekezaji. Mwenyekiti wake alikuwa Njenga Karume, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa wakati huo. Mwaka 1976 wakubwa wa kundi hilo walikuwa mstari wa mbele kutaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asirithi urais moja kwa moja Mzee Kenyatta akifariki. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliuzima mjadala Oktoba mwaka huo kwa kuonya kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa la jinai. Kenyatta akafariki Agosti 1978, Moi akachukua nchi, na mwaka 1980 vyama vya kikabila vikavunjwa. Kundi lenye fedha kuliko karibu lolote jingine nchini lilishindwa kuamua mrithi.

Mara ya pili ni Mount Kenya Foundation, matajiri wa ukanda huo wakiongozwa na Peter Munga, mwanzilishi wa Equity. Septemba 2021 walikutana na Raila Odinga hoteli ya Safari Park, kisha wakasimama naye kuelekea uchaguzi wa 9 Agosti 2022. Raila alikuwa na baraka za Rais Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza, Martha Karua, anayetoka Kirinyaga. William Ruto ndiye aliyezoa kura nyingi mno za eneo hilo, akashinda urais kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85.

Tajiri ana kura moja. Ana pia magari, mabango na nafasi kwenye runinga, lakini mkulima wa chai hakumtuma amsemee. Kampeni ya Ruto ililitumia hilo vizuri: walipokutana wakubwa hotelini, yeye aliwaambia watu kwamba nchi inapangwa na wachache.

9. Na bodaboda na mama mboga? Wao si kundi la wafanyabiashara?

Ni kundi, na mwaka 2022 ndio walioimbwa kuliko wote. Kampeni ya Ruto ya "hustler", yaani mchakarikaji wa kipato kidogo, ilijengwa juu yao, na toroli zikawa alama yake. Wagombea wa pande zote waligawa pikipiki, vifaa vya saluni na michango kwa vikundi vya akina mama.

Hapa wapo wanaosema: acha wale pesa zao, ni haki yao. Sikubaliani. Kikundi cha bodaboda kikipewa pikipiki tatu, ugomvi wa nani azipande huwa umekigawa kabla kura hazijapigwa, na baada ya uchaguzi hakina nguvu ya kwenda kudai bei ya mafuta ishuke au askari wa kaunti waache kuwasumbua. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 nayo inahesabu kutoa na kupokea hongo ya kura kuwa makosa yote mawili. Kinachofaa zaidi ni orodha fupi ya madai, iliyosainiwa na mgombea mbele ya wanachama wote.

10. Ni kweli wakubwa huchangia pande zote mbili?

Ndiyo, hata wao hawafichi sana. Ni bima: yeyote atakayeshinda, simu itapokelewa. Kwa kampuni moja hesabu hiyo inaingia akilini. Kwa nchi, maana yake ni kwamba mshindi na aliyeshindwa wote wana mfadhili yule yule, na hakuna atakayemhoji.

## Wakati wa vurugu

11. Sekta binafsi ilifanya nini hasa mwaka 2008?

Hili ndilo jibu ninalopenda kulitoa kwa urefu, kwa sababu linaonyesha kazi ambayo vyama hivi vinaweza.

Matokeo ya urais wa Kenya yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi ililipuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Reli iling'olewa Kibera. Malori yaliyotoka Mombasa yalikwama, na Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo zikaanza kuhaha kutafuta mafuta. Wafanyakazi wa mashamba ya maua Naivasha na ya chai Kericho walikimbia. Uchumi uliokuwa umekua kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata.

KEPSA na vyama vilivyo chini yake viliwasukuma Mwai Kibaki na Raila Odinga wakae mezani. Walikutana na pande zote mbili na wapatanishi waliokuwa chini ya Kofi Annan, wakapeleka takwimu za hasara na kudai suluhu hadharani. Hawakuwa peke yao: makanisa, asasi za kiraia, mabalozi, na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wote walivuta kamba. Mkataba ulisainiwa 28 Februari 2008.

Kilichowapa uzito ni kwamba kama muungano hawakuwa wamemtaja mgombea. Wangekuwa wamesimama na upande mmoja mwezi Novemba, nani angewafungulia mlango Januari?

12. Baada ya hapo walihubiri amani kila uchaguzi. Kuna ubaya gani?

Kampeni ya Mkenya Daima, iliyoongozwa na KEPSA kuelekea uchaguzi wa 2013, iliwakumbusha watu kwamba maisha yanaendelea baada ya kura, na ilistahili. Ila neno "amani" linaweza kutumika kumnyamazisha anayeuliza kura zimehesabiwaje. Mfanyabiashara hutaka barabara zifunguliwe kesho asubuhi, na anayehisi ameibiwa kura anataka majibu kwanza. Chama kinachodai amani bila kudai tume inayoaminika kinakuwa kimechagua upande hata kama hakikukusudia. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, ilibainika kwamba waliokuwa wakiuliza hawakuwa wakiuliza bure.

## Kwa mwanachama na mwenye biashara

13. Mwenyekiti wetu ameonekana jukwaani amevaa rangi za mgombea. Nifanye nini?

Anza na katiba ya chama chenu. Je, inaruhusu kumuunga mkono mgombea? Kama inaruhusu, ni nani anayeamua: kamati, au mkutano mkuu? Omba muhtasari wa kikao kilichopitisha uamuzi huo. Kama hakuna kikao, mwombe mwenyekiti atamke kwa maandishi kwamba alikwenda kwa hiari yake, si kwa niaba yenu. Kisha muulize mweka hazina kama ada za wanachama zilitumika kwa safari, mabango au chakula.

Usione haya kuuliza. Ada ni yako.

14. Na kama mwenyekiti mwenyewe anagombea ubunge?

Haki anayo. Akae pembeni ya uongozi tangu anapochukua fomu, akabidhi muhuri na akaunti kwa makamu wake, na asitumie orodha ya simu za wanachama kwa kampeni. Akishindwa, arudi kwa kuchaguliwa upya.

15. Mgombea anataka nimchapishie fulana na kofia kwa mkopo, atalipa akishinda. Nikubali?

Usikubali. Kwanza, bidhaa isiyolipwa, au iliyouzwa kwa bei ya kutupa, ni mchango wa vitu, kama ilivyoelezwa swali la 4. Pili, akishindwa hutampata, na akishinda itakuwa vigumu kumdai mtu mwenye walinzi. Dai malipo ya awali yanayofidia kitambaa na wino, andika ankara kwa jina la chama au la mgombea, usikubali jina la mpambe, na toa mzigo kadiri unavyolipwa. Bei iwe ile ile kwa wagombea wote.

16. Kampuni ikihusishwa na upande mmoja, wateja wanaweza kuisusia?

Imewahi kutokea. Novemba 2017 muungano wa upinzani wa Kenya, NASA, uliwataka wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom, Brookside na Bidco, ukizituhumu kuisaidia serikali ya Jubilee, chama cha Rais Uhuru Kenyatta, au kunufaika nayo. Maisha yalikuwa magumu zaidi kwa watu wadogo: wakala wa M-Pesa Kisumu na muuza maziwa wa rejareja hawakuwa wamechangia kampeni ya mtu, lakini wao ndio waliotazamana na wateja. Kampuni inayofikiria kumfadhili mgombea iwahesabu na hawa.

17. Niko Marekani. Naweza kuchangia kampeni?

Kwa uchaguzi wa Kenya, katazo linamhusu asiye raia. Ukiwa bado raia, pamoja na mwenye uraia pacha, unachangia kama Mkenya mwingine. Kwa uchaguzi wa Marekani, lazima uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi, hata dola moja.

Kampuni za huko nazo zimekatazwa tangu 1907 kumpa mgombea wa ngazi ya taifa pesa moja kwa moja. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Januari 2010, iliyopita kwa kura 5 dhidi ya 4, iliziruhusu kutumia pesa bila kikomo kumpigia debe mgombea mradi zisishirikiane naye. Ufaransa ilifunga michango ya kampuni mwaka 1995, na mahakama kuu ya Brazil ikafanya hivyo 2015.

18. Kikundi chetu ni cha WhatsApp tu, hakijasajiliwa. Tumemchangia mgombea kupitia simu ya mmoja wetu. Kuna shida?

Kuna shida ya hesabu. Pesa zikiingia kwa mgombea zinaonekana zimetoka kwa mtu mmoja, na huyo ndiye atakayeulizwa chanzo chake. Andikeni orodha ya majina na kiasi alichotoa kila mmoja, mpeni mgombea nakala, na mwambieni atoe risiti. Aliyeungwa kwenye kikundi kwa ajili ya kununua mzigo wa pamoja, na hakukubali mchango huo, arudishiwe fedha yake.